Farasi Aliyeanguka Mwishoni mwa Sentensi

Soma sentensi hii ya Kiingereza mara moja tu, kwa mwendo wako wa kawaida: "The horse raced past the barn fell."

Kama wewe ni kama wasomaji wengi, ulikwenda vizuri hadi neno la sita, kisha la saba likakukwaa. Farasi alikimbia akapita banda. Hapo picha ilikuwa imekamilika, karibu uone na vumbi. Ghafla linatokea "fell", alianguka, na halina pa kukaa. Nani alianguka? Banda? Wengi hurudi mwanzo wakiamini mpiga chapa amekula kiunganishi. Hakuna kilicholiwa. Sentensi hii ni sahihi kisarufi kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta.

Siri imo katika neno "raced". Tulilichukua kuwa kitenzi kikuu: farasi alikimbia. Kumbe hapa limesimama badala ya "aliyekimbizwa". Kuna mtu aliyemkimbiza farasi huyo, akampitisha kando ya banda, na farasi huyohuyo akaanguka. Mwandishi angeweza kusema "The horse that was raced past the barn fell" na hakuna ambaye angejikwaa. Lakini Kiingereza kinaruhusu "that was" iachwe, na palipoachwa ndipo mtego ulipotegwa.

Sentensi hii ilitungwa na mwanasaikolojia wa lugha wa Marekani, Thomas Bever, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970. Alitaka kuonyesha kwamba msikilizaji ana mazoea: akikutana na nomino ikifuatwa na kitu kinachofanana na kitenzi, humteua papo hapo wa kwanza kuwa mtenda na wa pili kuwa tendo. Mazoea hayo humfikisha salama mara nyingi mno, ndiyo maana siku yanapomwangusha hushangaa kama aliyekosa ngazi gizani. Waingereza humwambia mtu aliyelaghaiwa polepole, kwa maneno matamu, kwamba ameongozwa kwenye njia ya bustani, na wanaisimu wakazibandika sentensi hizi jina la njia hiyo. Sisi tungesema mtu huyo ameingizwa mkenge. Basi humu nitaziita sentensi za mkenge.

Kabla hatujaendelea, badilisha neno moja tu: "The horse ridden past the barn fell." Mkenge umeyeyuka. Kitenzi "ride" kina sura mbili: "rode", alipanda, na "ridden", aliyepandwa. Ukiona "ridden" unajua mara moja kwamba kitenzi kikuu hakijafika, unasubiri. "Race" hakina ukarimu huo. Sura yake moja, "raced", inafanya kazi zote mbili, na msomaji hana njia ya kujua ni ipi hadi amechelewa. Wazo ni lilelile, urefu ni uleule. Kilichopungua ni alama moja ya njiani.

Lugha iliyovua mavazi yake

Alama hizo Kiingereza kilikuwa nazo zamani. Miaka 1,000 iliyopita neno "the" peke yake lilikuwa na sura nyingi, kulingana na jinsia ya nomino, umoja au wingi, na kazi ya nomino hiyo katika sentensi. Mfalme anayeua aliandikwa "se cyning". Mfalme anayeuawa akaandikwa "þone cyning". Hata ukipanga maneno kinyumenyume, msikilizaji alijua nani kamuua nani, kwa sababu kila mmoja alivaa nguo ya cheo chake.

Karne zilizofuata nguo hizo zilichakaa. Wageni wa Skandinavia walilowea kaskazini na mashariki ya Uingereza, wakachanganya lugha yao na ya wenyeji. Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066 wakashika nchi, na Kiingereza kikaacha kuwa lugha ya watawala. Na mwenyeji mwenyewe akawa anameza miisho ya maneno kinywani. Miisho ilipokwisha, kazi ya kuonyesha mtenda na mtendwa ikaangukia mpangilio. Ndiyo maana leo "the dog bit the man" na "the man bit the dog" ni habari mbili, na hakuna kinachozitofautisha ila nani ametangulia mlangoni.

Uchakavu huo ulileta uhuru wa ajabu. Neno la Kiingereza linaweza kuhama kutoka nomino kwenda kitenzi bila kubadilisha hata herufi. "Man" ni mwanamume, lakini pia ni kushika zamu ya kuendesha chombo. Basi soma hii: "The old man the boat." Jicho linamwona mzee, "the old man", kisha linaikuta mashua imekaa peke yake bila kitenzi. Kitenzi kilipita mbele yetu kimevaa kanzu ya nomino. Sentensi inasema kwamba wazee ndio wanaoendesha mashua.

Au hii: "The complex houses married and single soldiers and their families." Mwanzoni unaona nyumba zenye utata, na unashangaa nyumba zimemwoaje mtu. Kumbe "complex" hapa ni nomino, majengo yaliyo pamoja, na "houses" ndicho kitenzi. Majengo hayo huwapa makazi askari wenye wake na wasio na wake, pamoja na familia zao.

Sasa jaribu kutega mtego huohuo kwa Kiswahili. Kitenzi chetu hutembea na kitambulisho shingoni. Alikimbia, akikimbia, aliyekimbia, aliyekimbizwa: kila kimoja hujitaja kabla hujakiuliza. Nomino nayo huviburuta viambishi vya ngeli yake nyuma kama mama kuku na vifaranga. Farasi wa Bever akivuka kuja kwetu, anaingia akiwa ameshasajiliwa: "Farasi aliyekimbizwa kupita banda alianguka." Silabi moja ndogo, "-ye-", imefanya kazi ambayo Kiingereza kiliiachia bahati.

Dau la kila neno

Lakini kwa nini tunanaswa? Tungeweza kusubiri. Tungeweza kuyakusanya maneno yote saba, tukayatandaza mezani, tukatafuta mpangilio unaoyatosha. Hatufanyi hivyo, na hatuwezi. Mtu akikuanza, "Jana nimemkuta mdogo wako sokoni ana...", umeshalimaliza neno lake kichwani kabla hajafungua kinywa tena. Akili huweka dau kwa kila neno linaloingia, na haingoji nukta.

Mwaka 1982 Lyn Frazier na Keith Rayner walichapisha utafiti ambao ndani yake walifuatilia dau hilo machoni mwa wasomaji. Macho yanaposoma hayatelezi juu ya mstari kama inavyoonekana. Huruka na kutua, na kila kituo huchukua kama robo ya sekunde. Mojawapo ya sentensi zao ilihusu mtu aitwaye Jay anayefanya mazoezi ya kukimbia: "Since Jay always jogs a mile seems like a short distance to him." Msomaji huifunga "a mile" kwenye kitenzi kilicho karibu: kwa kuwa Jay hukimbia maili. Halafu "seems", huonekana, inafika ikitafuta kiima chake, na kiima kimeshachukuliwa. Hapo macho yalikawia, au yakaruka kurudi nyuma kwenda kutafuta kosa lilipoanzia. Sentensi ilitaka kusema: kwa kuwa Jay hukimbia daima, maili moja huiona fupi. Koma moja baada ya "jogs" ingemaliza ugomvi.

Frazier alieleza kwamba akili, ikiwa na haraka na kumbukumbu finyu, hujenga kwanza umbo jepesi kuliko yote, lenye viungo vichache, na hulibomoa tu likishindikana. Wengine hawakukubali kwamba hesabu ni ya sarufi peke yake. Mwaka 1995 Michael Tanenhaus na wenzake walimweka mtu mbele ya vitu halisi, wakampa agizo lililosema hivi: "Put the apple on the towel in the box." Mezani palipokuwa na tufaha moja, macho ya msikilizaji yalikimbilia taulo tupu, kwa kudhani tufaha linatakiwa liwekwe hapo. Palipokuwa na matufaha mawili, moja likiwa juu ya taulo, macho yalitulia: alielewa upesi kwamba anaambiwa ni tufaha lipi, lile lililo juu ya taulo, alitie sandukuni. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni kilichokuwa mezani, na hicho nacho kiliingia kwenye dau.

Hata mawimbi ya umeme wa ubongo huonyesha jambo hili. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard walimsomesha mtu habari ya mkate wa moto uliopakwa soksi. Sarufi yake haikuwa na dosari, ila soksi si siagi, na kiasi cha sehemu 4 za kumi za sekunde baada ya neno hilo, wimbi la ubongo likashuka upande wa hasi. Mwaka 1992 Lee Osterhout na Phillip Holcomb wakatumia sentensi za mkenge, ambamo maana ni ya kawaida ila muundo unamgeuka msomaji njiani. Safari hii wimbi lilikuwa la upande wa chanya, na lilikuja baadaye, karibu sehemu 6 za kumi za sekunde. Kituko cha maana na kituko cha muundo huacha alama tofauti kichwani.

Kama ungependa kujua kiumbe asiyeweka dau anaishije, nenda Harvard ya miaka ya 1960. Anthony Oettinger na Susumu Kuno walikuwa wakifundisha kompyuta sarufi ya Kiingereza. Wakaipa sentensi ambayo mtoto anaielewa: "Time flies like an arrow." Wakati unakwenda mbio kama mshale. Kompyuta ikarudi na maana kadhaa, kila moja halali kisarufi. Moja ilikuwa amri: wapimie nzi mwendo wao kama unavyoupima wa mshale. Nyingine ilihusu aina fulani ya nzi, nzi wa wakati, ambao wanapenda mshale. Mashine ile haikukosea hata mahali pamoja. Iliiona milango yote kwa sababu haikuwa na mazoea ya kupita mmoja. Sisi tunaona mmoja, tunapita, na ndiyo maana tunaweza kuzungumza huku tunakula.

Mzigo unaozidi mabega

Si kila sentensi inayochanganya ni ya mkenge. Nyingine haikudanganyi hata kidogo, inakulemea tu. Huu ni mfano wa aina waliyoijadili Noam Chomsky na George Miller mwaka 1963: "The rat the cat the dog chased killed ate the malt." Kanuni ya Kiingereza inayomruhusu mtu kusema "the rat the cat killed", panya aliyeuawa na paka, haina mahali inapokatazwa kurudiwa. Rudia mara moja tu, na wahusika watatu wanapangwa foleni wakisubiri vitenzi vyao, kisha vitenzi vinakuja vitatu kwa mkupuo, wa mwisho kwanza.

Hapa hata viambishi vyetu haviokoi. "Panya ambaye paka ambaye mbwa alimfukuza alimuua alikula mahindi." Kila neno limevaa kitambulisho chake, na bado kichwa kinauma. Tatizo ni kumbukumbu: inabidi uwashike mkononi wanyama watatu bila kujua kila mmoja alifanya nini. Geuza mpangilio ili kila mnyama apewe kazi yake kabla wa pili hajaingia, na mzigo unaisha: "Mbwa alimfukuza paka aliyemuua panya aliyekula mahindi." Mkumbuke huyu paka aliyemuua panya. Nitamrudia.

Kisha kuna sentensi za wachezaji, zilizotungwa kuonyesha sarufi inaweza kuvutwa hadi wapi. Maarufu kuliko zote ni neno moja lililorudiwa mara nane: "Buffalo buffalo Buffalo buffalo buffalo buffalo Buffalo buffalo." William Rapaport, ambaye baadaye alifundisha chuo kikuu katika mji huohuo wa Buffalo, jimbo la New York, alianza kuucheza mchezo huu mwaka 1972, ingawa wapenzi wengine wa maneno walikuwa wameshauvumbua. Neno hilo ni jina la mji, ni jina la mnyama ambaye wingi wake unafanana na umoja, na ni kitenzi cha kumtisha au kumbabaisha mtu. Kwa hiyo: nyati wa Buffalo ambao hutishwa na nyati wa Buffalo, nao huwatisha nyati wa Buffalo.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka wale wa Liwale: "Wale wa Liwale wale wali wa Liwale." Liwale ni mji wa mkoa wa Lindi, wali uko sahanini, "wale" ya kwanza inaonyesha watu, na "wale" ya pili inawaruhusu wale. Lakini pima tofauti. Nyati humchosha msomaji akilini, maana kati ya maneno yote manane hakuna hata moja linalosema limeungana na lipi. Liwale humchosha mtu ulimini tu. "Wa" imesimama kila kona kama askari wa barabarani, na mtoto wa darasa la pili anakueleza maana huku anacheka.

Kosa lisilotaka kuondoka

Mtu anaweza kusema yote haya ni michezo. Msomaji alijikwaa, akarudi nyuma, akaelewa. Amepoteza sekunde moja, hakuna aliyekufa. Huo ndio uliokuwa mtazamo wa watafiti wengi pia, hadi Kiel Christianson, Fernanda Ferreira na wenzao walipochapisha mwaka 2001 majaribio ya swali rahisi.

Waliwapa watu sentensi za namna hii: "While Anna dressed the baby spit up on the bed." Mkenge wake tunaujua sasa. Msomaji hudhani Anna alikuwa akimvisha mtoto, kisha "spit up", alicheua, kinamlazimisha amwachie mtoto awe kiima. Maana halali ni kwamba Anna alikuwa akivaa, na wakati huohuo mtoto akacheua kitandani. Baadaye wakaulizwa: je, Anna alimvisha mtoto? Wengi walijibu ndiyo. Waulize kama mtoto alicheua, wanajibu ndiyo pia, na ni kweli. Walikuwa wameijenga maana ya pili bila kuibomoa ya kwanza. Zote mbili zilikaa kichwani, ile sahihi na ile iliyokwisha kukanushwa.

Kiswahili kingemlazimisha mwandishi achague mapema, kati ya "akivaa" na "akimvisha". Lakini funzo lenyewe halihusu lugha moja. Ferreira na wenzake wamelieleza kwa kusema kwamba ufahamu wetu mara nyingi hulenga kinachotosha kwa wakati ule. Kwa lugha ya mtaani, akili nayo ina siku zake za bora liende.

Na wakati mwingine bora liende hutupita bila hata kujikwaa. Mwaka 1979 Peter Wason na Shuli Reich walichambua sentensi hii: "No head injury is too trivial to be ignored." Msomaji anatikisa kichwa kukubali: hakuna jeraha la kichwa la kupuuzwa, hata liwe dogo vipi. Sasa weka pembeni yake "No missile is too small to be banned." Hii inasema kombora lolote, hata liwe dogo vipi, lafaa kupigwa marufuku. Muundo ni uleule, neno kwa neno. Basi kwa muundo huohuo, jeraha lolote la kichwa, hata liwe dogo vipi, lafaa... kupuuzwa. Sentensi inasema kinyume cha ulichokisoma. Tunajua ushauri ambao mtu mwenye akili timamu angeutoa kuhusu majeraha ya kichwa, tukausoma huo, na maneno yaliyoandikwa tukayapita kama hayapo.

Bei ya koma

Wahariri wa magazeti ya Kiingereza wanaujua mkenge huu kwa machungu. Kichwa cha habari kina nafasi finyu, kwa hiyo vijineno vinavyoonyesha njia ndivyo vinavyofukuzwa kwanza. Mwaka 2009 gazeti moja la Kiingereza nchini Japani lilichapisha kichwa hiki: "Violinist linked to JAL crash blossoms." Habari ilikuwa ya mpiga fidla aliyefiwa na baba yake katika ajali ya ndege ya Japan Airlines ya mwaka 1985, iliyoua watu 520. Msanii huyo sasa alikuwa anachanua katika kazi yake. Lakini wasomaji walibaki wakijiuliza: maua ya ajali ndiyo maua gani? Tangu siku hiyo wahariri wakavipa vichwa vya habari vya aina hii jina la utani, maua ya ajali.

Mahakamani bei hupanda. Sheria ya jimbo la Maine, Marekani, iliorodhesha kazi za vyakula ambazo hazilipiwi malipo ya muda wa ziada, na orodha hiyo ilimalizikia kwa "packing for shipment or distribution". Je, hizo ni kazi mbili, yaani kufungasha na kusambaza, au ni moja, kufungasha kwa ajili ya kusafirishwa au kusambazwa? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walikuwa wakisambaza, hawakufungasha chochote. Kabla ya "or" hakukuwa na koma. Machi 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba sheria hiyo ina utata na kwamba utata huo uwanufaishe madereva. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi. Hakuna aliyedai kwamba sentensi ya sheria ilikuwa na kosa la sarufi. Ilikuwa sahihi mara mbili, na hilo ndilo lililoigharimu.

Paka wetu

Mpaka hapa msomaji wa Kiswahili anaweza kuwa anatabasamu. Sisi tuna ngeli, tuna virejeshi, vitenzi vyetu vina vitambulisho. Mkenge ni wa Waingereza. Basi turudi kwa yule paka aliyemuua panya.

Nani alikufa?

Ulisema panya, kwa sababu unawajua paka. Lakini waondoe wanyama, uweke watu: "Mtu aliyempiga Juma amelazwa hospitalini." Nani yuko kitandani? Huenda mtu alimpiga Juma, kisha yakamkuta ya kumkuta, akalazwa. Huenda Juma ndiye aliyempiga mtu, na aliyepigwa ndiye aliyelazwa. Kiswahili kinaruhusu mtenda akae baada ya kitenzi chenye kirejeshi. Ndivyo tunavyosema "kitabu alichokisoma Juma", na hakuna anayedhani kitabu kilimsoma Juma, kwa kuwa "-cho-" na "-ki-" ni za kitabu na "a-" ni ya Juma. Katika "aliyempiga" vitambulisho vyote vitatu, "a-", "-ye-" na "-m-", vimetolewa na ofisi moja ya ngeli. Juma anaweza kuvaa kimojawapo, na mtu yule anaweza kuvaa vilivyobaki. Nguo ni nyingi, ila zote za rangi moja.

Wanasaikolojia Fernando Cuetos na Don Mitchell walilikuta jambo la jamaa na hili mwaka 1988, walipolinganisha Kiingereza na Kihispania kwa kisa cha mtu aliyepiga risasi. Kwa Kiswahili kingesema hivi: "Mtu alimpiga risasi mtumishi wa mwigizaji aliyekuwa roshani." Nani alikuwa roshani? Wasomaji wa Kiingereza walielemea kwa mwigizaji, aliye karibu. Wa Kihispania wakaelemea kwa mtumishi. Sisi sarufi yetu haisemi, maana wote wawili ni watu. Badilisha mtumishi awe kiti, na ghafla tunakuwa na macho kuliko wote: "kiti cha mwigizaji kilichokuwa roshani" ni kiti, "kiti cha mwigizaji aliyekuwa roshani" ni mwigizaji. Silabi ileile inayotuokoa kwenye kiti hututupa kwenye watu, na habari nzito za dunia hii, za polisi, za mahakama, za mapenzi na za urithi, huwa za watu.

Dawa ipo, na ni ya bei rahisi: "mtu aliyepigwa na Juma", au "mtu ambaye Juma alimpiga". Shida ni kwamba mwandishi haoni haja ya dawa. Yeye anajua nani alimpiga nani kabla hajashika kalamu, kwa hiyo anapoisoma sentensi yake tena anaona mlango mmoja tu. Aliyeandika sheria ya Maine alijua alichokusudia. Aliyetunga kichwa cha mpiga fidla alijua nini kinachanua. Mtu hawezi kujiingiza mkenge mwenyewe.

Kwa hiyo mtafute mtu ambaye hajui. Msomee sentensi yako, lakini usiimalize. Ishia katikati, umuulize anadhani nini kinafuata. Akikuambia farasi anaendelea kukimbia, na wewe unajua ameshaanguka, rudi ukaweke ile silabi.